Koki ya Mnara wa Barafu

Kila jioni akitoka shule, Diskit alipitia kwenye mnara wa barafu juu ya mashamba ya kijiji chao, huko Ladakh, nchi ya milima mirefu kaskazini mwa India. Bomba lililotoka mlimani lilirusha maji hewani, na baridi ikayagandisha papo hapo, tabaka juu ya tabaka. Wakati wa kupanda shayiri vijito huwa bado vikavu, kwa hiyo kijiji kizima kilitegemea mnara ule uyeyuke. Kazi ya Diskit ilikuwa kuangalia maji yasikatike.

Jioni moja rafiki yake Lhamo alitaka wateleze chini ya mnara.

"Tutalowa," Diskit alisema.

"Si ufunge koki ya bomba kwa muda mfupi tu? Au unamwogopa Mzee Angchuk, mlinzi wa maji?"

Diskit akaifunga. Waliteleza mpaka jua likazama, wakaenda zao.

Alfajiri Diskit alikumbuka kwamba hakuifungua tena koki. Alikimbia akaifungua, lakini halikutoka hata tone. Akarudi nyumbani bila kumwambia mtu.

Kulipokucha watu waliona maji hayaruki, na wanaume wakafika na sururu. Waliikuta koki wazi, bomba kavu.

"Limeziba kule juu," alisema Stobdan, jirani yao. "Mzee Angchuk, wewe ndiye mlinzi wa maji. Jana ulilinda maji au mtungi wa pombe?"

Watu wakacheka. Mzee Angchuk aliokota sururu yake, akaanza kupanda mlima huku akikohoa.

Diskit, aliyekuwa amefika pamoja na mama yake, alishindwa kuvumilia. "Babu, usiende. Koki niliifunga mimi jana, nikaifungua leo alfajiri."

Kicheko kikakatika. Mama yake akainamisha kichwa.

"Kumbe," mzee alisema. "Maji yanayotembea hayagandi upesi, ila yakisimama usiku kucha huwa barafu. Basi yamegandia hapa hapa chini penye koki, ambapo bomba halikufukiwa. Leteni maji ya moto."

Wanawake walileta masufuria yanayofuka mvuke. Walilizungushia bomba matambara, wakayamwagia maji ya moto tena na tena. Diskit alibeba maji mpaka vidole vikafa ganzi. Karibu na adhuhuri bomba lilikoroma, likatema vipande vya barafu, kisha maji yakaruka.

Stobdan alimwomba mzee radhi kwa sauti ndogo. Mzee akamgeukia Diskit.

"Kusahau kunampata kila mtu, mjukuu wangu. Lakini ungenyamaza, tungechimba mlima bure, na barafu ingelipasua bomba hili. Ukikosea, sema mapema, wakati kosa bado linarekebishika."

"Nimesikia, babu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa nenda ukaote moto."