Kufuli la Chumba cha Mifupa

Saa tano asubuhi mfanya usafi alisikia mlango wa chumba cha mifupa ukigongwa kwa ndani. Kufuli lilikuwa limefungwa kwa nje. Alipolifungua, alitoka binti wa mwaka wa tatu wa udaktari, sauti imemkauka kwa kupiga kelele. Wenzake walimwita Chiriku kwa maneno yake mengi. Siku hiyo alitamka moja tu.

"Mtihani?"

Mtihani wa vitendo ulikuwa umeanza saa mbili. Mfadhili wake hakuwa na mchezo: ukifeli somo lolote, ufadhili unakatika, na ulicholipiwa unarudisha. Asiyetokea mtihanini huhesabiwa amefeli.

Kesi ilimwangukia mkuu wa usalama wa chuo, mama aliyestaafu upelelezi wa polisi. Wote walimwita Afande.

"Nilikuja alfajiri kurudia mifupa," Chiriku alimweleza. "Kufuli niliacha likining'inia. Nikasikia nyayo, kisha ka! Simu niliiacha bwenini ikichajiwa."

"Nani alijua uko humu?"

"Nani asiyejua, Afande? Kila siku ya mtihani naanzia hapa."

Afande alikwenda kwa msimamizi wa mtihani.

"Watahiniwa wote wako ndani tangu saa mbili kasoro," msimamizi alisema. "Simu zao ziko kwenye kapu hili. Hawaachiwi mpaka saa saba."

Saa saba na nusu Afande alimwita kijana mrefu aliyebandikwa jina la Namba Mbili, kwa kuwa kila mtihani alikuja nyuma ya Chiriku. Ndiye aliyekuwa akingojea nafasi ya ufadhili ule.

"Chiriku akianguka, nafasi ni yako."

"Ndiyo. Na kijicho ninacho, sikatai. Lakini nikimfungia mlango, nitajuaje kama ningemshinda?"

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Wodini, nasafisha vidonda. Muulize sista."

Sista aliulizwa, akathibitisha.

Kisha akaingia Pacha. Hakuwa ndugu wa Chiriku, ila tangu mwaka wa kwanza walikuwa chanda na pete. Alimkumbatia Chiriku huku akilia.

"Roho ilinipaa, Afande! Saa tatu nilimpigia, hapokei. Nikapiga tena na tena."

"Ulikuwa wapi wakati huo?"

"Si nilikuwa mtihanini, Afande! Kundi la pili."

Afande alitazama simu ya Chiriku, iliyokwisha kuletwa kutoka bwenini. Kweli, Pacha alikuwa amepiga saa tatu.

"Simu za watahiniwa zilikuwa kapuni, mwanangu. Wewe ulipiga kwa simu gani?"

Pacha alifuta machozi.

"Hukuwa na mtihani leo, sivyo?"

"Nilifeli muhula uliopita," alisema. "Ufadhili wangu ulikatwa, nikaambiwa nirudie mwaka. Kila asubuhi natoka na vitabu kana kwamba naenda kwenye kundi langu, ili asijue. Leo nilimfuata, nikafunga. Nilipiga simu nihakikishe hanayo."

"Mimi?" Chiriku aliuliza. "Nimekukosea nini?"

"Matokeo yalipotoka ulinirukia ukasema 'Tumepita!' Hata hukuuliza. Kila ukisifiwa nilipiga makofi, ndani naungua. Nilitaka turudi nyuma wote. Tungekuwa darasa moja tena."

"Ungeniambia, ningekufundisha."

Pacha alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Hicho ndicho ambacho nisingekistahimili."

Mkuu wa kitivo alimruhusu Chiriku kufanya mtihani kesho yake. Akapita, ufadhili ukabaki. Pacha alifukuzwa. Mama yake alikuja kumchukua, akiwa ameambiwa tu kwamba binti yake amefeli. Chiriku aliwabebea begi hadi getini. Pacha alitangulia bila kugeuka. Mama akabaki nyuma kidogo, akamshika Chiriku mkono.

"Asante, mwanangu. Angalau hapa alipata dada."

Chiriku akaitikia, "Karibu, mama," akamkabidhi begi.