Nani Atakuwa Mama Pasta?

Mesaji iliingia saa tatu asubuhi, Archange akiwa amezamisha mikono yote miwili kwenye sufuria la maziwa, anakata fromaji, yaani jibini. Akaisoma hivyohivyo, simu ikiwa imeegemezwa kwenye ndoo:

"Archange, tuachane. Nimeomba, nimelia, nimemaliza. Tafuta musichana yenye baba yako atakubali. Mungu akubariki. Jeannette."

Fromaji ya siku hiyo iliharibika. Na iharibike! Mtu ameambiwa tuachane, wewe unamuuliza habari za maziwa?

Alipiga mara tatu, hakuna jibu. Ya nne ikapokelewa.

— Jeannette, hii mesaji umeandika wewe?

— Njo mimi niliandika.

— Basi uniambie kwa mudomo.

Archange alisikia mtu anapenga kamasi upande wa pili.

— Kwa mudomo sitaweza.

Jambo lenyewe ni hili. Jeannette alikuwa mwinjilisti wa kanisa la Kiprotestanti pale Nyamitaba, kwenye vilima vya Masisi. Alikuwa amemaliza shule ya theolojia, na miaka sita sasa alipanda vilima na mabuti yake ya mpira kuombea wagonjwa. Mwaka huu ilikuwa zamu yake kuwekewa mikono awe pasta, mwanamke wa kwanza katika Posti nzima, yaani parokia zote za upande ule. Kanisa likapasuka pande mbili. Vijana na akina mama walisema saa imefika. Wazee walisema mwanamke afundishe watoto na wanawake wenzake, lakini meza ya Bwana asiiguse.

Na mkubwa wa hao wazee alikuwa nani? Mzee Zéphyrin, katibu wa komite ya Posti, baba mzazi wa Archange. Mtu mwema kabisa, hajawahi kusema uongo wala kuonja pombe. Kasoro yake ilikuwa moja tu: jambo ambalo halikufanyika mwaka jana, mwaka huu nalo lisifanyike.

Basi Mzee Zéphyrin alikuwa amemwendea Jeannette kanisani, akamkumbusha desturi kwa upole, na upole wake ndio uliouma. Kabla ya mtu kuwekewa mikono, komite huenda kwake kumwona mke wake au mchumba wake. Watakula chakula chake, watamuuliza ulizo moja, na jibu litaandikwa katika daftari. Kwa Jeannette watakuja Jumamosi, ambayo kwao ndiyo siku ya posho. Je, atawapokea na nani? Mama Pasta, yaani yule mke wa pasta, atakuwa nani? Kama ni Archange, ajue kwamba hakuna ng'ombe hata mmoja wa mahari atakayetoka kwenye zizi lake kwa ajili ya msichana anayetaka kuvaa joho la mchungaji.

Jeannette akaona afadhali akose vyote viwili, uchungaji na mchumba, kuliko kugombanisha mtoto na baba yake. Ndiyo maana ya ile mesaji.

Archange alisikiliza maelezo hayo ya Jeannette kwenye simu mpaka mwisho, kisha akauliza:

— Hiyo siku ya posho, komite watakula nini?

— Archange, sikia. Nimekwisha kukuacha.

— Nimesikia. Watakula nini?

Siku hiyohiyo alienda jikoni kwa mama yake, Mama Victorine, akaomba afundishwe kupika sombe. Mama alicheka hadi akakaa chini. Alipoelezwa sababu, akaacha kucheka, akamletea kinu na majani ya muhogo.

— Twanga. Baba yako mimi namujua. Hajuagi kuvunja sheria, hata ikimuuma yeye mwenyewe.

Jumamosi wanakomite wanne walipoingia kwenye uwanja wa Jeannette, walimkuta Archange amejifunga kitenge cha mama yake kiunoni, macho mekundu kwa moshi. Jeannette alisimama mlangoni, hajui aseme nini. Huyu bwana alikuwa amefika alfajiri na masufuria yake, akamwambia akae, leo si kazi yake. Pasta Akilimali, mkubwa wa komite, aliuma midomo asicheke.

Archange alichukua jagi na beseni, akapiga magoti jinsi wanawake wanavyofanya, akawanawisha wageni mmoja mmoja. Baba yake alikuwa wa mwisho. Mzee hakutoa mikono.

— Simama. Unanipatisha haya mbele ya watu.

— Papa, bugali itapoa.

Mzee Zéphyrin aliangalia bugali, akaangalia wenzake waliokwisha kunawa, mwishowe akatoa mikono. Archange akamimina maji.

Wakala. Sombe ilikuwa na chumvi ya kuua mtu. Hakuna aliyesema neno, kwani chakula cha Mama Pasta hakisemwi ubaya. Nayo ni desturi.

Kisha Mzee Zéphyrin akafungua daftari. Kuuliza kulikuwa kazi yake kwa miaka thelathini, na leo aliuliza bila wasiwasi, akiamini jibu litakuwa hapana. Mwanawe alikuwa na ng'ombe na fromaji zake hapa Masisi, na kule Walikale ni pori tupu.

— Kanisa ikimutuma Walikale, utamufuata?

— Nitamufuata.

— Na ngombe zako?

— Zitabaki na wewe, Papa.

— Na watu wakikucheka?

— Wameshaanza leo.

— Na yeye akihubiri, wewe utakaa wapi?

— Kwa benchi ya mbele. Pale Mama Pasta anakaaka.

Kalamu ya mzee ilisimama hewani. Wanawake thelathini na mmoja alikuwa amewauliza ulizo hilo, wote wakajibu nitamufuata, mmoja huku analia, na wote akawaandikia ndiyo. Wote aliwauliza mara moja tu. Leo aliuliza mara nne, na masikio yake mwenyewe yalisikia.

Jeannette akatoka mlangoni.

— Papa Zéphyrin, kama roho yako inakataa, usiandike. Nitabaki mwinjilisti, sitakukasirikia. Lakini ile mesaji nilimuandikia, naifuta. Huyu muntu simuachi tena.

Archange, mwanaume mzima na kitenge chake, akageuza uso apanguse machozi, halafu akasingizia moshi.

Mzee akashusha kalamu.

— Mimi sikubali mwanamuke kuwa pasta. Hiyo pia nitaiandika, na jina langu chini. Lakini tangu nashika hii daftari, hakuna muntu alisema ndiyo, mimi nikaandika hapana.

Akaandika. Pasta Akilimali akanyoosha shingo kuona: Ndiyo.

— Kuko neno lingine, — mzee akaendelea, akifunga daftari. — Uchumba bila mahari si uchumba. Wiki ijayo ngombe zitatoka, tufanye mambo kwa desturi.

Jagi lilimponyoka Archange. Mzee alisimama, akavaa kofia, akafika mpaka kwenye lango, akageuka.

— Na ile sombe, chumvi ilikuwa mingi sana.

Walifunga ndoa, kisha Jeannette akawekewa mikono, na bila shaka akatumwa Walikale, mahali panapoitwa Mubi, penye malori na vumbi. Jirani yao wa kwanza, Mama Kahambu, Mkatoliki mwenye duka aliyetoka Butembo, alikuja na mkungu wa ndizi kumsalimia Mama Pasta, akamkuta mwanaume anachambua maharage.

— Njo wewe Mama Pasta? Hapana mbaya, — akasema akikaa. — Sisi padri wetu hana bibi kabisa, na tunaishi.

Jumatatu ya kwanza, Mzee Zéphyrin alipiga simu. Akauliza hali ya barabara, akauliza mvua, akazunguka wee. Mwisho akakohoa.

— Jana bibi yako alihubiri neno gani?

— Papa, nikupatie yeye mwenyewe?

— Hapana. Nilikuwa nauliza tu.

Archange hakukata simu. Anamjua baba yake.

— Haya, mupe simu.

Jeannette akaketi mlangoni, akaanza kumweleza tangu aya ya kwanza, na mzee akasikiliza bila kumkatiza mpaka inite za simu yake zikamwishia.