Lorraine wa Kwenye Tangazo

Naitwa Janine Haworth. Ninakaa Burnley, kaskazini mwa Uingereza, na mama yangu mzazi na binti yangu Keeley. Kwa miaka kumi na tano nilipika chakula cha mchana katika shule ya msingi. Viazi, karoti, pai, na kastadi ya moto juu ya keki. Kila asubuhi saa moja na nusu natoka, saa tisa alasiri nimerudi, nimetia birika motoni. Kazi haikuwa na makuu. Lakini kila Jumapili nilijua kwamba kesho ipo.

Nasema mapema, usije ukanihurumia bure: katika habari hii kosa la kwanza nililifanya mimi.

Keeley anasoma biashara chuo kikuu. Wanafunzi wa kozi yake wakimaliza mwaka wa pili huenda kufanya kazi ofisini mwaka mzima, kisha hurudi darasani kumalizia. Mwaka huo nao una alama zake, na waajiri huuliza habari zake. Basi Keeley alituma maombi thelathini na nane. Thelathini na saba walimkataa, au hawakujibu kabisa. Wa mwisho walikuwa kampuni moja ya maghala, ofisi zao ziko Manchester.

"Mama, wamenichukua! Idara ya kutangaza ajira!"

"Ndiyo kufanya nini huko?"

"Kuandika matangazo, ili watu wavutiwe kuja kufanya kazi kwenye maghala yetu."

Tukarukaruka jikoni kama wehu. Mama yangu akatugombeza kwamba tutavunja vyombo.

Ilipofika Oktoba, Keeley alikuwa amepoteza maneno. Anarudi na treni, analowa mvua, anakula mkate wake wa kuchoma na maharage, macho yako kwenye sahani.

"Kazini vipi?"

"Si mbaya."

"Wanakutendea vizuri?"

"Si mbaya, Mama."

Sisi hapa mtu akisema "si mbaya" mazungumzo yamekwisha. Ukizidi kuuliza, unaonekana mbea. Nami nikamwambia yale niliyoambiwa mimi nikiwa msichana: "Jikaze. Usilete fujo kazini kwa watu. Mwaka utaisha." Loh! Laiti ningejiuma ulimi siku ile.

Mwezi wa Januari nikaliona tangazo la kampuni yao kwenye simu. Maneno makubwa: *Saa zinazokufaa wewe.* Chini yake picha ya mwanamke wa rika langu, anacheka, meno yote nje. Ameandikwa jina Lorraine. Anasema: *Namuuguza mama yangu. Hapa napanga saa zangu mwenyewe. Ningejua, ningekuja zamani.*

Nilijua ni kazi ya Keeley. Alikuwa ametuonyesha lile tangazo siku ya Krismasi, haraka haraka, kisha akaificha simu. Nilidhani anaona haya kusifiwa.

Sasa sikiliza. Mama yangu anakwenda kliniki kila Jumanne na Alhamisi, na kila mara nililazimika kumwomba ruhusa mkuu wa jiko. Maneno ya Lorraine yakaniingia moyoni. Nikajaza fomu bila kumwambia Keeley. Nilitaka nimshtue kwa furaha. Mkataba ukaja kwenye simu, kurasa sita. Sikusoma hata moja. Nikabonyeza "Nakubali", nikaandika barua ya kuacha kazi shuleni. Miaka kumi na tano, nikamwaga unga kwa mkono wangu mwenyewe.

Wiki ya kwanza ghalani nilipata saa thelathini. Wiki ya pili kumi na nane. Wiki ya nne sita. Kila alfajiri, saa kumi na moja, ujumbe unaingia: *Leo huhitajiki.* Nami nimeshavaa, nimekaa kwenye ngazi na viatu vyangu vya kazi. Nikimpigia msimamizi wa ghala, anasema, "Ukiona hakukufai, mlango uko wazi, dada."

Nilimficha Keeley mwezi mzima kwa aibu. Mwisho Jumamosi moja, tukiwa tunamenya viazi, nikashindwa. Nikamweleza yote. Kisu kikamtoka mkononi.

"Mama, umeacha jiko? Kwa sababu ya lile tangazo?"

"Nilimwamini Lorraine. Naye ana mama mgonjwa kama mimi."

Akanitazama mpaka nikaogopa.

"Lorraine hayupo, Mama."

"Ameacha kazi?"

"Hajawahi kuwepo. Picha tuliinunua. Maneno niliandika mimi, mezani, nakula sandwichi. Saskia, bosi wangu, aliniandikia kwamba watu hawataki ukweli, wanataka mtu wa kufanana naye. Nikawaza, mtu kama nani? Nikakuwaza wewe na Bibi na kliniki. Ndipo nikaandika."

Akakaa chini sakafuni, kati ya maganda ya viazi, akalia kwa sauti. Sijawahi kumsikia mwanangu akilia vile tangu azaliwe. Nilikuwa na hasira naye, na huruma, na hasira na nafsi yangu, yote kwa pamoja, na nikasimama tu pale na kiazi mkononi.

Kelele zile zilimleta Glenys Threlfall, jirani yetu wa ukuta mmoja. Glenys alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi kiwanda cha biskuti kwa miaka ishirini. Hana simile, na haogopi mtu. Akaingia bila kubisha hodi.

"Kuna msiba?"

"Karibu na msiba," nikasema.

Akasikiliza yote. Akaomba simu yangu, akavaa miwani, akausoma mkataba kurasa zote sita. Sisi tumekaa tunamtazama kama watoto wanaosubiri matokeo.

"Ukurasa wa nne," akasema. "'Kampuni hailazimiki kumpa mfanyakazi saa yoyote ya kazi.' Umeliona hili, Janine?"

"Sikusoma."

"Ehe! Mwanamke mzima, unasoma maandishi kwenye pakiti ya biskuti, mkataba husomi! Tangazo si mkataba, shoga yangu. Tangazo linasema lipendalo. Kabla ya kutia saini tafuta vitu vitatu: saa ngapi za uhakika kwa wiki, nani anazipanga, na utaambiwa mapema kiasi gani. Usipoviona, uliza. Wasipokujibu kwa maandishi, usiache kazi uliyo nayo."

Kisha akamgeukia Keeley, sauti imeshuka.

"Na wewe, ulipoandika hilo tangazo uliuona mkataba?"

"Hapana, anti. Sikuomba."

"Mwandishi wa tangazo la kazi ndiye wa kwanza kuusoma mkataba. Utaisifuje kazi usiyoijua? Haya, mwalimu wa chuo huwa anakuja kukukagua?"

"Dakta Osgood. Alikuja Novemba. Atakuja tena Alhamisi."

"Novemba ulimwambia nini?"

"Kwamba naendelea vizuri."

"Ulikuwa unaendelea vizuri?"

"Nilikuwa nalia chooni karibu kila siku, anti."

"Basi ulimrudisha chuoni na habari ya uongo. Yule hakuja kunywa kahawa. Kazi yake ni kujua kama mahali penyewe panakufaa. Asipoambiwa, atajuaje?"

"Wakinifukuza? Mwaka wangu utakwenda na maji. Na nani atakayenichukua tena?"

Glenys akavua miwani.

"Huenda wakakuchukia," akasema. "Sikudanganyi. Lakini usiende kupigana. Andika karatasi moja. Uliagizwa kuandika nini, na nani, tarehe gani. Ambatisha ule ujumbe wa bosi. Mpe mwalimu mkiwa wawili tu. Kisha taja unachotaka: Lorraine aondolewe, na tangazo liseme wazi kwamba saa hazina uhakika. Basi."

Alhamisi Keeley alikwenda na karatasi yake. Alinieleza baadaye. Wakati bosi yupo, alizungumzia hali ya hewa. Saskia alipotoka, akaisukuma karatasi upande wa pili wa meza. Dakta Osgood aliisoma mara mbili. Akauliza, "Kwa nini hukuniambia Novemba?"

"Nilidhani nitaonekana msumbufu," Keeley akasema.

"Kunisumbua mimi ndiyo haki yako."

Hakufanya vurugu. Alimwita Saskia na mkubwa wake palepale, akawaambia kwamba mwanafunzi hatungi watu wasiokuwepo, na kwamba mambo yakibaki hivyo chuo hakitaleta mwanafunzi mwingine. Kampuni ile inapenda wanafunzi. Baada ya wiki moja Lorraine akaondoka, na chini ya tangazo wakaandika kwa herufi za kusomeka: *Kazi hii haina saa za uhakika. Wiki nyingine huenda isiwe na kazi.* Alama za Keeley hazikuguswa.

Ningependa kusema kwamba tulishangilia. Wapi! Keeley akapewa kazi ya kupanga picha za zamani kwenye kompyuta, peke yake, kwenye kona. Wenzake wakaacha kumwita wakati wa chakula. Bado ana miezi minne. Anapanda treni kila asubuhi, na uso wake ukiutazama unaweza kulia. Lakini sasa nikimuuliza, "Kazini vipi?" ananijibu sawasawa. "Vibaya, Mama. Leo hakuna aliyenisemesha." Nami nazima televisheni, nakaa naye.

Mimi nilirudi shuleni kuuliza. Mkuu wa jiko alinikumbatia. Nafasi yangu ilikuwa na mtu tayari, msichana mchangamfu, ameanza vizuri. Wakaandika jina langu kwenye orodha ya akiba. Nikapita karibu na dirisha la jiko, nikamwona anakoroga kastadi yangu, nikaenda zangu.

Ijumaa iliyopita, tukila samaki na chipsi, Keeley alinisomea ujumbe uliofika ofisini kwao, ukaachiwa yeye aujibu. Uliandikwa na mwanamke wa Accrington, mji wa jirani.

"Anauliza, 'Ni kweli hakuna saa za uhakika?' Nikamjibu ni kweli, na nikamwambia aombe mkataba ausome kwanza. Ameandika tena: 'Asante kwa kunieleza. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi. Nimeichana.'"

"Anafanya kazi gani sasa?"

"Jikoni, Mama. Shule ya msingi. Miaka tisa."

Nikaiweka sahani kando. Nilimfurahia mama yule, nasema kweli tupu, na nilimwonea fahari mwanangu. Lakini nililia palepale mezani, na Keeley akanishika mkono. Mama yule Jumatatu atakwenda kazini kwake. Mimi sijui kama ghala litaniita.