Maji Meupe ya Kifuani

Katika ujia wa hospitali uliosongamana wagonjwa na jamaa zao, fundi umeme mmoja aliishiwa pumzi, akaliegemea furushi lililowekwa juu ya benchi.

"Kaka, hayo ni mashuka ya wodi, si mto wako," alisema mwenye furushi, mshonaji aliyevaa gauni la buluu lililopauka, nyuzi zimemganda begani.

"Niazime kidogo, dada. Pumzi yangu imetangulia, naingoja irudi."

Mshonaji alicheka bila kutaka.

Fundi alikuwa ameanguka kutoka juu ya ngazi akiwa kazini, akadhani ni mbavu tu. Picha ilionyesha maji yamelizunguka pafu. Daktari alipoyavuta kwa sindano yakatoka meupe mithili ya maziwa. Muuguzi alihofu ni usaha. Maabara ikabainisha kuwa ni mafuta ya chakula, yaliyovuja kutoka mshipa uliochanika kifuani. Akatiwa mrija wa kuyatoa, akakatazwa mafuta yote ili mshipa upumzike na kujiziba.

"Yasipokoma," alisema daktari, "itabidi tupasue."

Mshonaji hakuambiwa hayo. Kila alipoleta mashuka alipitia kitandani, na Fundi akampa jina la Sindano kwa ukali wa ulimi wake. Mapenzi yakaota papo hapo, baina ya harufu ya dawa na uchovu wa wangojao. Siku moja Sindano akaja na nyama aliyoikaanga baada ya kushinda kutwa kwenye cherehani.

"Kula, mpenzi. Umebaki mifupa na macho."

Fundi akala. Akala kesho yake na keshokutwa, kwani hakuwa na moyo wa kuurudisha mkono ule. Maji yaliyokwisha kupungua yakafurika tena, na daktari akapanga upasuaji.

Dada yake Fundi ndiye aliyelikuta bakuli la nyama.

"Wifi, mafuta haya ndiyo yanayomjaa kifuani. Hakukwambia?"

Sindano aliondoka asiage. Simu yake ililia mara nyingi kabla hajaipokea.

"Umemchoka mgonjwa?" aliuliza Fundi kwa sauti ya kukwaruza.

"Nimemchoka mwongo. Nakuua kwa mapishi yangu, nawe unaniambia ni matamu."

"Yalikuwa matamu."

"Usinichekeshe, nimekasirika. Kwa nini ulinificha?"

Fundi alivuta pumzi fupi fupi. "Niliogopa ukikosa cha kuniletea, hutakuja."

Sindano akafumba macho. "Mjinga wee," alisema taratibu. "Mwambie daktari ukweli, leo hii. Kesho nakuja."

Daktari aliposikia akaahirisha upasuaji, akawapa muda wa mwisho. Sindano akaleta wali mkavu na maharage yaliyochemshwa kwa maji na chumvi, akaketi kuhakikisha kila tonge. Subira, kama chakula kile, haina ladha mdomoni. Lakini Mola huificha shifaa apendapo. Maji yakapungua, yakawa maangavu, kisha yakakatika. Asubuhi mrija ulipotolewa, hawakuwa hata na nguvu za kushangilia.

"Sindano," alisema Fundi, "nikitoka hapa nitawatuma wazee kwenu."

Sindano aliulaza uso wake ukingoni mwa kitanda, macho yamemlemea.

"Watume," alijibu. "Lakini waje wameshiba. Mkono wangu umeshasahau mafuta."