Hotipoti Nyekundu ya Chanji

"Sadoki ni nani?"

Vitus alikuwa ameshika simu ya mchumba wake. Avelina, aliyekuwa akisugua sufuria katika jiko la ukumbi wa harusi mjini Sumbawanga, hakugeuka.

"Nirudishie simu yangu, Vitus."

"Ngoja nikusomee. 'Asante dada Ave. Leo ulinizidishia. Tafadhali asijue mtu.' Asijue nini?"

"Siwezi kukwambia."

Avelina na wenzake sita walikuwa na kikundi. Harusi ikiisha, walikusanya chakula ambacho hakijapakuliwa, wakakipeleka kingali cha moto kwa waliopungukiwa. Kanuni yao ilikuwa moja tu: jina la anayepelekewa halitajwi, hata kwa mume. Vitus, mkulima wa Kasense, alikuwa akiwasifu kwa hilo mbele za watu. Siku hiyo sifa zilimkauka.

"Huyo si maskini. Namjua. Yule wa Mbeya anayekaa Chanji, kila asubuhi anatoka na tai shingoni."

"Wenye tai ni wengi."

Vitus alifunua hotipoti nyekundu iliyokuwa mezani. Ndani mlikuwa na maparachichi matatu yaliyofungwa kwenye gazeti.

"Na haya? Anayerudisha chombo na kitu ndani ni mtu aliyekula kwako akashiba. Hilo nimelijua tangu kwa bibi yangu. Mimi mchumba wako, zimebaki wiki tatu tufunge ndoa, hujanipa hata ukoko. Yeye anazidishiwa."

"Unaonea wivu ukoko?"

"Naonea wivu kuzidishiwa."

Jumamosi saa kumi jioni Avelina alipoondoka na hotipoti, Vitus alimfuata kwa baiskeli mpaka Chanji. Alimwona akibisha mlango, akamwona Sadoki akifungua, shati jeupe limenyooshwa vizuri. Hakusubiri zaidi.

"Mama Luciana, toka nje," alimwita mwenye nyumba. "Majirani nao waje wamwone mpangaji wako anavyolishwa na mke wa mtu."

"Sijawa mke wako bado," alisema Avelina.

"Basi sema mbele yao. Unamletea huyu chakula kwa nini?"

Majirani walikuwa wameshajaa uani. Avelina aliwatazama, akamtazama Sadoki. Neno moja tu lingemsafisha. Hakulisema. Alivua pete ya uchumba, akaiweka juu ya kifuniko cha hotipoti.

"Hilo ndilo jibu langu, Vitus."

"Dada, usifanye hivyo," alisema Sadoki taratibu. "Acha niseme mwenyewe. Ndugu yangu, ingia."

Vitus aliingia. Jiko la mkaa lilikuwa safi kama limetoka dukani jana. Sufuria zilikuwa zimefunikwa kifudifudi, na buibui alikuwa ameshajenga katikati yake.

"Kampuni yetu ilifungwa mwezi wa pili. Mke na watoto nimewarudisha Tukuyu. Navaa tai natoka ili hawa wasijue. Sasa wamejua."

Mlango ulikuwa wazi, na waliokuwa uani walisikia yote. Vitus aligeuka atoke.

"Kaa tule," Sadoki alisema, akimsogezea kigoda. "Mgeni hawezi kuondoka nyumbani kwangu hivihivi."

Alipakua pilau sahani mbili, ya Vitus akaijaza zaidi. Vitus alikula.

"Umezidishiwa," Avelina alisema kutoka mlangoni, akaondoka zake.

Jioni ile Vitus alirudi Kasense na pete mfukoni na hotipoti kwenye baiskeli, maana Sadoki alimwomba amfikishie Avelina chombo chake. Alituma ujumbe: "Nisamehe mpenzi. Nilikukosea."

Jibu lilikuja kesho yake baada ya misa: "Uliyemkosea si mimi. Umemvua mtu nguo mbele ya majirani. Ukishamvisha, nitafute."

Siku tano alilima na maneno hayo, hotipoti ikiwa bado kwake. Jumamosi iliyofuata Avelina alifika Chanji na chakula kwenye bakuli, akakuta majirani wamejaa tena uani kwa Mama Luciana. Katikati alisimama Vitus, hotipoti nyekundu mikononi.

"Shikamoo mama. Habari zenu majirani," Vitus alianza. "Wiki iliyopita nilikuja hapa na matusi, na kaka huyu akanikaribisha chakula. Nilikula kwake nikashiba. Kaka Sadoki, nakurudishia chombo."

Sadoki alifunua. Ilikuwa imejaa unga wa ulezi hadi ukingoni.

"Nilikula kwako," Vitus alirudia, ili hata wa nyuma wasikie.

"Karibu tena, ndugu yangu," alijibu Sadoki.

Mama Luciana alikwenda kwake, akarudi na kaa la moto kwenye sepetu. "Unga bila moto haupikiki," alisema, akaingia kumwashia jiko.

Avelina alisogea hadi alipo Vitus.

"Pete ipo?"

"Ipo."

"Lete."

Walifunga ndoa tarehe ileile waliyokuwa wamepanga. Pilau ilibaki nusu sufuria, na bwana harusi mwenyewe, suti ikiwa bado mwilini, akashika mwiko kufungasha. Sadoki alikuwa akimfunikia vyombo. Avelina aliinua bakuli moja la bluu, akaanza kuelekea mlangoni.

"Hilo nalo ni la nani?" aliuliza Vitus.

"Vitus."

"Haya. Nimenyamaza." Akapakua kijiko kingine, akakisimamisha hewani. "Ila mwanamume huyo, au mwanamke?"