Subaru Mbili za Roret

Mambo haya yalimpata Kipngeno, rafiki yangu ninayeuza naye maziwa, na mpaka leo hana utulivu akiyasimulia.

Alikuwa ameenda Roret kwa Mama Wacera, mwenye duka la mbolea, kuchagua kati ya Subaru mbili za zamani, zote za turbo, kile kifaa cha kuipa injini nguvu zaidi. Moyo wake ulitaka ile fupi, yenye buti. Mkewe, Nelvine, alitaka ile ndefu ya kubeba mitungi ya maziwa. Wacera alikuwa na wateja, kwa hivyo akampa ufunguo wa stoo akajionee mwenyewe.

Ilikuwa saa sita mchana, lakini ukungu ulikuwa umefunika mashamba ya chai, na stoo haikuwa na dirisha. Kipngeno alisimama gizani akasikia mluzi mwembamba ukififia, ule wa turbo gari likishazimwa. Kisha chuma kikaanza kulia kama injini inayopoa: tik, tik, tik. Akapapasa boneti ya ile ndefu. Ilikuwa moto.

Alirudi dukani akicheka. "Mama Wacera, nachukua hiyo ndefu, injini yake bado nzima. Nani ametoka kuiendesha?"

Wacera aliacha kupima mbolea. "Hiyo? Haijaendeshwa tangu mwaka juzi. Ni ya kuuza vipuri tu, nilisahau kukuambia."

Walienda pamoja na tochi, wakainua boneti. Injini haikuwepo. Mwanga ulipita moja kwa moja mpaka kwenye vumbi la sakafu, na hapo katikati, pasipo na kitu chochote, chuma kilikuwa bado kinapoa: tik, tik.