Kamba ya Nguo ya Mwalimu

Gauni la kijani lilikuwa bado bichi, ila mabegani na kiunoni lilikuwa limekauka na lina joto, kama nguo iliyovuliwa sasa hivi. Mama Pacha alilishika pale roshani, akaligeuza, akalinusa. Lilinuka shaba, na chini ya shaba kulikuwa na utamu fulani, kama maua yaliyosahauliwa ndani ya maji. Akaona ni jua tu. Akaingia ndani, maana sare za watoto wa watu zilikuwa zinamsubiri kwenye cherehani.

"Zima mashine kidogo," mumewe alisema bila kugeuka. "Mama anaongea."

"Mama gani?"

"Mtangazaji."

Tangu astaafu kufundisha jiografia, Mwalimu alikuwa amebaki na redio yake ya masafa mafupi, na ghorofa lilimtesa. Zege lilimeza mawimbi. Lifti, chaja na cherehani ya umeme ya mkewe vilijaza redio mikwaruzo. Antena ya redio yenyewe, ile ya kuvuta, ilileta lifti kuliko habari. Akazungushia waya kwenye fremu ya mbao, akapata antena ya duara ya kukaa mezani. Kelele zikapungua, lakini stesheni za mbali zikawa kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Alichotaka ni waya mrefu, nje, juu. Msimamizi wa jengo akakataa katakata.

"Mwalimu, leo wewe waya, kesho mwenzako dishi. Jengo litafanana na kichwa kisichochanwa."

Ndipo Mwalimu akapata akili aliyoionea fahari. Kwenye kiwanja jirani, palipobomolewa nyumba ya zamani, aliokota waya mtupu wa shaba, akausokota ndani ya kamba mpya ya nguo, akaifunga kutoka roshani hadi nguzo ya ng'ambo ya ua. Nani atamkataza mtu kuanika?

Ilifanya kazi kupita alivyotarajia. Kila jioni, jua likizama, sauti ya mwanamke ilikuja safi, ya karibu, haina hata mkwaruzo.

"Anasema nini?" Mama Pacha aliuliza siku moja, sindano mdomoni.

"Lugha yake siijui."

"Sasa unasikiliza nini?"

Mwalimu alitabasamu peke yake. Tabasamu hilo lilimchoma mkewe kuliko tusi.

Kisha akaanza kuanika nguo. Mtu ambaye hajawahi kushika soksi mbichi tangu aoe alibeba beseni, akapanga gauni na vibanio. Jirani wa mlango wa pili alimwona, akacheka.

"Mwenzangu, mume anayeanika, mshike kwa mikono miwili."

Mama Pacha alicheka naye. Lakini alikuwa ameshagundua kwamba mumewe anaanika nguo za mkewe tu, kamwe si suruali wala mashuka.

"Fua lile la kijani," Mwalimu alimwambia jioni moja.

"Nimelifua jana."

"Fua tena. Likiwa kambani, anasikika vizuri."

Hakukumbuka lini mara ya mwisho mumewe alitaja nguo yake hata moja. Alilifua, akilisugua kama anayemsugua mtu.

Siku iliyofuata Mwalimu alishuka kununua betri, giza likianza kuingia, na Mama Pacha akakaa kwenye kiti chake mbele ya redio. Alitaka kumsikia huyo mwanamke kwa masikio yake. Sauti ilikuwa inanong'ona. Ikanyamaza, kama mtu aliyeona mgeni mlangoni. Kisha ikasema, kwa Kiswahili safi:

"Kidoti hayupo?"

Kidoti ni jina ambalo yeye mwenyewe alimpa mumewe wiki ya kwanza ya ndoa, kwa ajili ya alama iliyo shingoni mwake, na hakuwahi kulitamka mbele ya mtu. Na sauti ilikuwa yake mwenyewe, ile ya usichana, kabla ya kuzaa, kabla ya kupiga kelele kwenye foleni za maji.

"Ana mke," alinong'ona.

"Najua. Navaa nguo zake."

Akageuza macho roshani, na upepo ulikuwa umekufa kabisa, mashati ya majirani yakining'inia kama samaki sokoni, ila gauni la kijani lilikuwa limejaa, limejaa kifua na nyonga na tumbo bapa lisilobeba pacha yeyote, na polepole, vibanio vikilia kimoja baada ya kingine, lilikuwa linageuka juu ya kamba, linageuka kama mtu anayeitwa, mpaka shingo yake tupu ikaelekea dirishani, ikamtazama.

Mganga aliyeitwa na Mama Pacha alikuja kesho yake baada ya kufunga duka lake la miwani. Mtu mfupi, hana makuu. Aliigusa kamba kwa ncha ya kidole, akakivuta.

"Huu waya uliukuta umekaaje, Mwalimu?"

"Ulikuwa umezungushiwa mdomo wa kisima kikavu."

"Na ukaufungua."

"Nilijua ni taka."

"Watu hawafungi taka kwa shaba, ndugu yangu."

Alisoma dua mpaka sauti ikamkauka. Redio, ikiwa imezimwa, ililia kilio kirefu cha mwanamke, kisha ikatulia. Waya ukarudishwa kisimani, ukazungushwa vilevile. Kabla ya kuondoka, mganga alimwita Mama Pacha pembeni.

"Kila nguo yako iliyoanikwa pale, choma. Usibakize hata leso."

"Nimeelewa."

Alichoma zote. Zote isipokuwa moja, aliyoificha chini ya rundo la sare.

Mwalimu alirudi kwenye antena ya kuvuta na mikwaruzo ya lifti. Alikaa mbele ya redio kama mfiwa, chakula kikipoa. Mkewe akiongea, aliitikia "mm". Nyumba ilikuwa imepona, na Mama Pacha aliona uchungu uleule: hata akiwa ameondoka, yule ndiye anayetazamwa. Kama anampenda wa gauni la kijani, alijiambia, basi alione gauni na mimi nikiwa ndani.

Jioni hiyo alilivaa. Mabegani lilikuwa na joto, na tumboni lilimkaa vizuri kuliko lilivyowahi kumkaa. Akachukua kikombe cha chai, akaingia sebuleni.

Mikwaruzo ikakatika. Sauti ya mwanamke ikajaa chumba, safi, haina hata doa.

Akarudi nyuma hatua moja, mikwaruzo ikarudi.

"Hapana, hapana," Mwalimu alisema, akageuka. Alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, kwa macho aliyokuwa nayo wiki ile ya kwanza. "Sogea mbele. Hapo. Simama hapo hapo, mpenzi, usisogee."

Mama Pacha angeweza kulichana gauni lile pale pale. Alikuwa na nguvu za kulichana. Lakini miaka mingapi alikuwa ameyasubiri macho hayo.

Hakusogea.

Mwalimu akanyoosha mkono, akazima redio. Sauti haikukatika.

"Kidoti," ilisema, na midomo iliyokuwa inasogea ilikuwa ya Mama Pacha.